Maksai wa Honorina

Kaka yangu Abundio hana ubaya, ana mdomo tu. Mwaka ule kijiji kilipomchagua awe mwenyekiti wa kamati ya michezo, nilimwambia wifi yangu Honorina, "Jiandae, wifi. Huyu ukimpa cheo bila mshahara atajilipa kwa maneno." Akacheka. Alidhani natania.

Kwetu San Isidro Yaluvi, milimani Oaxaca, sikukuu ya mtakatifu wetu ni katikati ya mwezi wa tano, na ikikosa mashindano ya mpira wa kikapu hiyo si sikukuu, ni misa. Uwanja uko katikati ya kijiji, kanisa upande huu, ofisi ya kijiji upande ule, na siku za kawaida tunaanikia maharage hapo hapo. Timu zikija, bendi zinakuja, wauza tamale za unga wa mahindi wanakuja, wauza viatu wanakuja, na vijana wetu walioko Los Angeles wanapanda ndege kurudi nyumbani. Kinacholeta timu ni zawadi, na zawadi ni ng'ombe. Kijiji kikitoa kuku mwaka huu, mwakani kitacheza chenyewe kwa chenyewe.

Sasa yule kijana wa Los Angeles aliyeahidi ng'ombe wa zawadi ya wanawake akaacha kupokea simu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mkutano wa kijiji ukakaa, wanaume peke yao kama ilivyokuwa enzi hizo, wakaanza kumsema mwenyekiti wa michezo. Watani wetu wa kijiji cha Yatzeche watatucheka. Kamati ya mwaka jana haikuaibika hivi. Wakaendelea hivyo mpaka damu ikampanda kaka yangu, akasimama, akasema basi yeye atatoa.

Saa hiyo Honorina alikuwa uani, anawafungua nira maksai wake wawili, Lucero na Granizo. Nami nilikuwa pale, nimefuata chumvi. Kipaza sauti cha juu ya ofisi kikakohoa, kikatangaza, "Zawadi ya kwanza ya wanawake, maksai mmoja mkubwa, mweupe, amezoea plau, jina lake Granizo. Mtoaji ni ndugu yetu Abundio." Kijiji kizima kilisikia. Honorina alikuwa ameweka mkono shingoni mwa Granizo, na aliuacha pale pale.

Lazima niseme Granizo alikuwa nani. Miaka mitatu Abundio alipokuwa kaskazini akichuma nyanya za watu, Honorina alibaki na watoto wawili na shamba la mteremko ambalo hakuna trekta inayofika. Ng'ombe wake mmoja alianguka bondeni akafa, akaacha ndama wa siku nne. Yule ndama alilelewa kwa chupa, jikoni, karibu na moto. Alipokua, Honorina akamfunza pamoja na Lucero, mmoja kulia, mwingine kushoto, miaka miwili yeye mwenyewe akitangulia mbele yao na kamba begani. Lucero hakubali nira na ng'ombe mwingine. Jirani alishajaribu kumwazima, akarudisha nira vipande viwili. Na kupanda mahindi kulikuwa wiki moja tu baada ya sikukuu, mvua zikishafika. Kwa hiyo alichokitoa kaka yangu pale mkutanoni hakikuwa ng'ombe, kilikuwa chakula cha mwaka mzima.

Abundio alirudi anatembea kwa madaha ya mtu aliyepigiwa makofi. Alipotuona akapunguza mwendo.

"Naona mmeshasikia," akasema.

"Hata Yatzeche wamesikia," nikamjibu. "Kwa nini hukutoa suruali yako?"

"Otilia, haya ni mambo ya mume na mke."

"Ungeyasema chumbani basi, si juu ya paa."

Honorina hakupandisha sauti. "Abundio, huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wa nyumba."

"Nyumba ndiyo iliyomnywesha maziwa?"

Kaka yangu akatazama viatu vyake. "Nimeshasema mbele ya mkutano, mke wangu. Nikirudi kulifuta neno sina uso hapa kijijini, na wanao hawatakuwa na uso."

Hapo, kwa bahati mbaya, alisema kweli. Neno la mkutanoni kwetu halirudi. Honorina alilijua hilo kuliko yeye. Akamfunga Granizo, akampa majani, akanawa mikono taratibu hadi kwenye viwiko.

"Timu ngapi za wanawake zimejiandikisha?"

"Saba."

"Andika ya nane."

Abundio alicheka kidogo, akanitazama mimi nicheke naye. Sikucheka, maana nilikuwa najua jambo ambalo yeye alikuwa amejisahaulisha. Honorina alipokuwa na miaka kumi na saba hakukuwa na msichana wa kumzuia milima yote hii. Alicheza peku, kwa mkono wa kushoto, na Yatzeche walikuwa wanampangia walinzi wawili. Kisha akaolewa nyumbani kwetu, na mama yangu, Mungu amrehemu, akasema mke wa mtu hakimbii mbele ya wanaume na miguu nje. Honorina akaweka mpira juu ya kabati. Mimi nilikuwepo siku hiyo, na ulimi wangu huu huu, nikanyamaza kwa sababu nilitaka mama aendelee kunipenda. Jambo hilo limeniuma miaka ishirini na miwili.

Basi Honorina aliponigeukia akaniuliza, "Wifi, magoti yako yakoje?" nilimwambia ni mabovu lakini ni yake.

Tulipatikana saba. Honorina, mimi, Isaura muuza chapati za tortila mwenye mikono ya kubeba jiwe la kusagia bila kuguna, wasichana wawili, binti za Crispina wa hapa kijijini, wanaokimbia kweli kweli, na majirani wawili waliokuja kwa hasira tu, wakiwawazia waume zao. Tulifanya mazoezi alfajiri kabla ya kuwasha moto. Kufikia siku ya tatu wanaume walikuwa wanakaa kwenye ngazi za kanisa kututazama.

"Dada Otilia," mmoja akaniita, "mpira ni ule wa duara."

"Naujua. Unafanana na kichwa chako, nao una hewa tupu."

Honorina alitufundisha kwa sauti ile ile ya kuwaitia maksai. Akitaka twende kulia anavuta neno, akitaka tusimame analikata. Siku ya kwanza tuliona haya. Siku ya tano tulikuwa tunageuka kabla hajamaliza kuita. Abundio alikuja asubuhi moja, akamvuta pembeni.

"Watu wanasema mwenyekiti ametoa zawadi ili mkewe aichukue."

"Waambie waje wanizuie uwanjani," akamwambia, akarudi kwenye mpira.

Sikukuu ikafika. Mechi ya kwanza tulishinda kwa pointi moja na mimi nilitapika. Ya pili tulishinda kwa saba, na watu wakaanza kusogeza viti karibu. Jumapili mchana tukafika fainali, na tuliokutana nao ni akina nani, ni Yatzeche, mabingwa wa mwaka uliopita, wasichana wa chuo cha ualimu, viatu vyao vimetoka kaskazini vikiwa kwenye maboksi. Walikuja na lori, na ndani ya lori walikuwa na sufuria kubwa la kupikia nyama. Sizushi, nililiona kwa macho yangu.

Granizo alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ofisi, pembe zimevishwa maua ya baraka. Yadira, nahodha wao, binti mrefu mwenye adabu za kuudhi, akampapasa mgongo.

"Mama," akamwambia Honorina, "huyu atatosha watu wangapi?"

"Hajui kuliwa, mwanangu. Anajua kulima tu."

Wakatucharaza. Sitaki kudanganya. Hadi mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi tisa. Yadira alikuwa anapita katikati yetu bila hata kutoka jasho, na Honorina alikuwa na walinzi wawili kama zamani, ila zamani alikuwa na miaka kumi na saba. Alikaa kwenye benchi, kifua kinapanda na kushuka, macho yako kwenye ile nguzo. Nikampa maji.

Ndipo mvua ikaanza. Mvua ya mwezi wa tano kwetu haipigi hodi. Ndani ya dakika mbili saruji yote ya uwanja iling'aa. Refa akakusanya manahodha, akasema mechi isimame.

"Isisimame," akasema Yadira. Alikuwa anaongoza, lori lao lilikuwa linasubiri, na barabara yao huwa tope. "Au akina mama wamechoka?"

"Tuendelee," akasema Honorina. Akakaa chini, akavua viatu. Akatutazama sisi sita, nasi tukavua vyetu.

Refa akakuna kichwa, akamwita mwenyekiti wa michezo. Kaka yangu akaja na karatasi ya sheria chini ya mwavuli, akaisoma juu hadi chini. Sheria zilitaka kila mchezaji awe na jezi yenye namba. Habari ya viatu haikuwemo. Abundio alitutazama miguuni, akamtazama mkewe, na ni wazi alielewa nini kitatokea. Angeweza kusema lolote. Akasema, "Wacheze."

Saruji ile tumekulia juu yake. Tumeianikia maharage, tumeifagia, tumeisugua kwa maji kila mwaka kabla ya sikukuu, peku. Tunajua panapoteleza na panaposhika. Wale mabinti na viatu vyao vipya wakawa kila wakigeuka wanakaa chini. Wasichana wa Crispina waliwanyang'anya mpira mara nne mfululizo. Isaura akaweka mbili. Honorina akaanza kuita, ile sauti yake ya shambani, na uwanja mzima ukanyamaza kumsikiliza, hata bendi. Tisa zikawa tano. Tano zikawa moja. Yadira akaja kwangu kwa kasi akitaka nimpishe, sikumpisha, na mimi si mwembamba. Alijigonga akarudi alikotoka. Refa akasema ni kosa lake, na nilipenda sana uamuzi ule.

Zikabaki sekunde chache, wao thelathini na saba, sisi thelathini na sita. Mpira kwa Honorina, kwenye kona ya upande wa kanisa. Walinzi wake wawili wakamrukia kulia. Mmoja akateleza, wa pili akamkwaa mwenzake, naye Honorina akahamisha mpira mkono wa kushoto bila haraka yoyote, akauachia. Ulipita kwenye kikapu bila kugusa chuma. Thelathini na nane.

Jamani, nililia. Nililia mbele ya watu, na makamasi, na siombi radhi. Wanawake walishuka kwenye ngazi za kanisa wakaingia uwanjani na mitandio yao ya reboso, bibi mmoja akambusu Honorina miguu yenye tope kabla hajazuiwa. Bendi ikapiga wimbo wa ushindi, wapuliza tarumbeta wakitema maji. Yadira mwenyewe alikuja akamkumbatia, akamwuliza kama anaweza kuja chuoni kuwafundisha ule mkono wa kushoto.

Lakini haikuwa imekwisha, na sisi wote tulilijua hilo. Ng'ombe wa ushindi kwetu ni wa timu, hana mtu mmoja. Huchinjwa jioni hiyo hiyo, kila mchezaji akapeleka fungu lake nyumbani. Mchinjaji alishafika na visu vyake kwenye kikapu. Nahodha anayejiombea zawadi huchekwa mpaka kaburini, na Honorina asingeomba kamwe. Alisimama karibu na Granizo anamfuta maji usoni kwa jezi yake.

Abundio akaja na kamba, uso umechanua. Masikini, alidhani mambo yamejirekebisha yenyewe. "Haya, twende naye nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, shemeji?" Isaura akamzuia kwa mkono ule wa jiwe. "Huyu ni wa wanawake saba."

"Lakini Isaura, hii ni jozi. Lucero yuko nyumbani."

"Ulijua ni jozi ulipokuwa mkutanoni?"

Kaka yangu akafungua mdomo na, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakikutoka kitu. Honorina akasema polepole, "Isaura ana haki. Ni wa saba." Akaachia kamba.

Isaura akatuangalia mmoja mmoja, kama anayeuliza nani anataka nyama. Wasichana wa Crispina wakatikisa kichwa. Majirani wakatikisa kichwa. Akafika kwangu, nikamwambia mimi nyama inaniletea gauti. Akamgeukia mchinjaji. "Nenda kapumzike, kaka. Huyu ana kazi. Atalima mashamba saba, la kila mmoja wetu, pamoja na mwenzake. Baada ya hapo akae pale anapokaa mwenzake."

Watu wakapiga makofi. Isaura akainua kidole.

"Sijamaliza. Ng'ombe hawalimi wenyewe. Nani atashika plau?"

Wanawake saba, peku, tumelowa chapachapa, tukamtazama mwenyekiti wa michezo.

Alilima mashamba sita kwa siku sita. Honorina alimpangia zamu, na lao akaliweka la mwisho. Langu lina mawe, nilimpa maharage na tortila za moto, nikakaa kivulini nikimwelekeza mfereji ulipopinda, nikafurahi kupita kiasi. Siku ya saba nilikwenda kwao kusaidia. Abundio alikuwa tayari ameshika plau, malengelenge mikono yote miwili. Honorina akamwondoa vidole kimoja kimoja, bila ukali, akashika mwenyewe, akaita. Lucero na Granizo wakavuta.

Kaka yangu akachukua mfuko wa mbegu, akasimama nyuma ya mkewe kwenye udongo uliofunguka. Sikuwahi, tangu waoane, kumsikia akimwuliza swali akasubiri jibu. Siku hiyo alisubiri.

"Honorina," akasema, "nianzie wapi?"