Managu ya Nyuma ya Karakana

Hadi leo mtu akiniambia kwamba mboga za kienyeji huosha sumu mwilini, hasira hunipanda. Si kwamba anadanganya. Nimewasikia wataalamu wakieleza jinsi majani ya kijani yanavyousaidia mwili kujikinga na madhara ya risasi, ile metali nzito ya ndani ya betri. Lakini maneno hayo niliyasikia kwanza miaka ya tisini, nayo yalitoka kinywani mwa tajiri wa baba.

Baba alikuwa akiyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari katika karakana ya mabati, karibu na kwetu Shauri Moyo. Moshi haukuwa na pa kutokea. Wafanyakazi walipoanza kuumwa na matumbo na kutetemeka mikono, waliomba bomba la moshi. Tajiri akawapa mbegu za managu, zile mboga chungu za majani.

"Pandeni hapo nyuma," alisema. "Managu inaosha damu. Bomba ni ya nini?"

Wakapanda, wakamwagilia maji yaliyooshewa betri. Mboga zikastawi ajabu. Kila jioni baba alileta fungu, na mama, mzaliwa wa magharibi mwa nchi, akazichemsha na kuzilaza na maziwa hadi kesho yake, kama walivyofanya kwao. Sahani ya baba ilijazwa kuliko zetu sote. Na baba akazidi kukonda, hata kikombe cha chai kikawa kinamchezea mkononi.

Mama alipompeleka zahanati, ni muuguzi aliyeuliza, "Mama, hizi mboga mnatoa wapi?" Mama akamwambia. Yule dada akasema, "Zinakunywa hiyo sumu ya betri, halafu nyinyi mnazikula."

Asubuhi iliyofuata mama alifunga bakuli la managu kwa leso, akaenda karakana, nami nikamfuata. Akalifunua mbele ya tajiri.

"Karibu, mzee. Ni managu yako."

"Asante, mama. Lakini mimi za hapa sili."

Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Mkuki kwa nguruwe! Alijua, mtu yule. Siku zote alijua.

Mama hakumtukana, ingawa nilitamani sana amtukane. Aliwageukia wanaume waliozunguka moto.

"Mmemsikia?"

Baba, aliyekuwa wa kwanza kupanda, aliweka chini upawa wa kuchotea risasi, akachukua koti lake, tukaenda nyumbani.