Mwashi wa Mantapala na nyumba zilizoachwa Sardinia

Umande haujakauka kwenye majani ya mihogo, na tayari Suzanne Mwamba amepiga magoti mbele ya ukuta wake. Anachukua jiwe, analigeuza, analikataa. Anachukua jingine. Hili linakaa. Analigonga kwa mpini wa nyundo, kisha anasokomeza vijiwe pembeni mpaka litulie. Hakuna saruji karibu naye.

“Jibwe likikubali kukaa, utasikia sauti yake,” anasema bila kuinua kichwa. “Likikataa, usilibembeleze. Weka kando, litapata nafasi yake.”

Suzanne, mwenye miaka arobaini na sita, ni mwashi katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, karibu na mpaka wa Kongo. Kazi hii aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa akijenga misingi ya nyumba mjini Pweto, upande wa Kongo. Vita vilipofika Pweto baba alikuwa ameshafariki. Suzanne na mama yake, Marie, walivuka mpaka kwa miguu hadi Chienge, nyundo ya marehemu ikiwa ndani ya mzigo wa nguo.

Leo wachuuzi wa samaki wa Kashikishi wanamfahamu. “Mvua ilinibomolea banda la kukaushia samaki, nikajenga, ikabomoa tena,” anasimulia mmoja wao, Ngosa, kwa Kibemba. “Huyu mama alichimba msingi nikadhani anatafuta maji. Banda limesimama mpaka leo.”

Lakini tangu afike Mantapala, fundi huyo aliishi katika nyumba ya udongo iliyoezekwa turubai. Kila masika iliyeyuka, na kila kiangazi aliikandika upya. Si kwamba alishindwa kujijengea. Mama yake alikataa.

“Ukijenga na majibwe, ni kusema haturudie tena kwetu,” Marie alikuwa akimwambia. “Mi sikukuja huku kufia.”

Suzanne hakubishana naye. Mama ni mama.

Mambo yaligeuka mwaka juzi. Mdogo wake Reine ni mtawa anayetunza wazee huko Sardinia, kisiwa cha Italia katika bahari ya Mediterania. Alikuwa anaweka nadhiri za daima, na shirika lake likamgharamia ndugu mmoja ahudhurie. Marie alisema miguu yake haitaki ndege. Akaenda Suzanne.

Kabla hajarudi, Reine alimpeleka kutembelea kijiji cha kale. Kilikuwa cha nyumba za duara zilizozunguka mnara, zote za mawe meusi yaliyopangwa bila kitu cha kuyagandisha. Waliozijenga waliishi zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Mapaa yamekwisha, kuta zipo.

Wageni wengine walipiga picha mnara. Suzanne aliinama penye mlango wa kijumba kimoja, akaingiza vidole katikati ya mawe, akakuta vijiwe vimesokomezwa.

“Nilisema, Reine, angalia, hii ni kazi ya papa,” anakumbuka, akimaanisha baba yao. Reine alicheka, kisha akaona dada yake analia.

Ndani kulikuwa na benchi la mawe lililofuata ukuta, na mahali pa moto. Suzanne akamwomba Reine amuulize mwongozaji: “Benyewe balienda wapi?” Mwongozaji alijibu kwamba hakuna anayejua kwa hakika.

“Pale njo niliwaza mama,” anasema Suzanne. “Bale batu balijenga kama batu ba kubakia, kisha balienda. Majibwe hayakubakataza kwenda.”

Aliporudi Mantapala alimsimulia Marie yote wakila bukari, yaani ugali, na chisense, dagaa wa ziwa Mweru. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: kama makaburi yao nayo yapo. Suzanne akamwambia yapo, ya mawe pia. Marie akanawa mikono, akaenda kulala.

Siku chache baadaye alitoka na fimbo yake, akazunguka kiwanja taratibu, akachora mstari chini upande wa magharibi. Ziwa halionekani kutoka Mantapala, lakini Marie anajua liko wapi, na Kongo iko wapi.

“Mulango utaweka hapa,” alisema. “Siku amani itakuja nitatoka moja kwa moja, nisizunguke nyumba.”

Sasa ukuta umefika kiunoni. Suzanne anataka kuezeka kabla ya mvua za kwanza, na chumba cha mama ndicho kitakachotangulia. Baada ya hapo atajenga ghala la mahindi pamoja na jirani yake Princesse, ambaye hupanga mawe naye kila Jumamosi na tayari amejenga kona moja peke yake.

Na wakirudi Pweto kweli?

“Tutaenda,” anajibu, akifuta vumbi mikononi. “Nyumba itabakia. Mutu mwenye atakuja ataweka sufuria yake ku moto, atalala vizuri.”