Landrova Iliyosaga Mahindi Kisian

Siku ya kwanza nilipoingia yadi ya magari ya serikali pale Kisumu, nilipewa landrova ambayo haikuwa na ubaya wowote, nikaambiwa niifungue. Nilidhani sikusikia vizuri. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani, tayari kutengeneza vitu vilivyoharibika. Fomeni wetu, Kalasinga mtaratibu aliyefunga ndevu zake kwa wavu, alisimama kando yangu na kikombe cha chai.

"Fungua yote," akasema. "Halafu rudisha yote. Ikibaki kitu kwa mkono yako, gari yenyewe itasema."

Nikafungua, nikarudisha, na mkononi ikabaki washa moja, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati. Fomeni akaichukua, akaitia mfukoni, akaenda zake. Gari likawaka na kuondoka. Sikujua kama nimefaulu au nimeanguka, na mpaka mzee yule anastaafu hakuniambia.

Ninyi vijana mnaoyapenda magari haya mmeniomba nieleze jinsi tulivyoyatunza, kwa hiyo acha nianze na kazi yenyewe. Gari la kawaida husukumwa na magurudumu mawili tu. Foo-wili, inayosukumwa na yote manne, ina gia boksi ya pili, ndogo, iliyoshikana na ile kubwa, nayo ndiyo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukivuta kirungu chekundu unapata gia ya chini: mwendo wa kinyonga, lakini hakuna tope la kukuzuia. Kwenye landrova za zamani, nyuma kabisa, palikuwa pia na mahali pa kuchukulia nguvu. Ulifunga puli pale, ukaivisha mkanda mrefu, na gari likiwa limesimama tuli injini yake ikazungusha kitu kingine: pampu ya maji, msumeno, au jiwe la kusagia. Kumbukeni hilo la puli, maana bila hilo hamtaelewa yaliyonipata. Mimi mwenyewe, hata nikilikumbuka, sielewi vizuri.

Mkubwa wangu wa pili alikuwa Mhandisi wa Mkoa, Mzungu wa mwisho kukalia kiti kile. Kabla ya kurudi kwao alitoa amri kwamba landrova za zamani zote zitoke. Alikuwa na maana ya zile ambazo taa zake za mbele zimefichwa nyuma ya wavu. Nilipewa kopo la rangi nyeupe nizipige alama ya msalaba ubavuni, kisha tukazisukuma nje ya lango kwa mikono, zikauzwa kwa mnada. Nyingine zilinunuliwa na wachuuzi wa samaki, nyingine zikaishia kuwa vizimba vya kuku. Spea zake tulizitupa shimoni nyuma ya stoo. Hakuna aliyesikitika. Mimi nilifurahi, kwa sababu springi zake zilikuwa zimenivunja kiuno.

Nikahamishwa Homa Bay, halafu Siaya. Nilipata mke, watoto, na jina la fundi anayejua gia boksi. Niliporudi Kisumu ilikuwa miaka ya sabini, na mkubwa alikuwa mpya: Msimamizi wa Yadi, mtu wa Seme, mrefu, aliyevaa tai hata chini ya gari. Wiki ya kwanza aliniita ofisini, akafunga mlango. Nilidhani kuna kosa.

Akaniuliza kama ni kweli nilikuwepo za zamani zilipotolewa. Nikakubali. Akauliza spea zake zilitupwa wapi. Nikamwonyesha shimo. Jumamosi ile Bwana Msimamizi alivua tai, akaingia shimoni na jembe, na mimi nikaingia nyuma yake. Tukachimba vile vitu nilivyovitupa kwa amri, tukavipangusa kwa mafuta ya taa, na yeye akavishika kama mtu aliyepewa mtoto wa kwanza.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba walikuwepo watu wa namna ile. Walikuwa wachache: Bwana Msimamizi, mwalimu mmoja wa sekondari, na dereva wa treni aliyekuwa na gari la jipu la wakati wa vita. Jumapili baada ya kanisa walikwenda na magari yao makongwe mpaka Dunga. Hawakununua samaki. Walipanga magari ufukweni, wakafungua boneti, wakasimama wakitazama. Akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, waliwauliza yameharibika nini. Hayajaharibika, wakajibu. Basi kwa nini mmeyafungua? Sikuwahi kusikia jibu la swali lile, na mimi nililisubiri kama wale akina mama.

Siku moja tulikuwa tunatoka Maseno. Tulipofika Kisian, Bwana Msimamizi akaniambia nizime injini. Akatoa kichwa dirishani. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ua wa majani, kulikuwa na injini inanguruma. Akasema, "Odero, hiyo ni ya zamani kabisa. Sikiliza." Mimi nilisikia mashine ya kusaga posho, basi.

Tukaingia. Chini ya paa la mabati ilisimama landrova juu ya magogo, haina magurudumu, haina viti, nyeupe kwa unga tangu boneti hadi chesi. Taa zake zilikuwa nyuma ya wavu. Puli ilikuwa nyuma, mkanda ukivuta kinu, na wanawake wamepanga foleni na madebe yao. Mwenyewe alikuwa mjane aliyeitwa Mama Felista, ila pale wote walimwita Nyar Bunyala, yaani binti wa Bunyala, kwa sababu alizaliwa upande wa Port Victoria, akaolewa Kisian. Alizungumza na mkubwa wangu huku mkono mmoja ukikinga unga.

Bwana Msimamizi akamwambia anataka kununua gari lake. Mama akasema hapa hakuna gari, hapa kuna mashine ya kusaga.

Nilitumwa pale mara nyingi baada ya siku ile. Kiti cha fomeni kilikuwa wazi, na Bwana Msimamizi alinidokeza kwamba mtu atakayemletea landrova ile atakumbukwa. Kwa hiyo nilikwenda kwa bidii. Nilimsaidia Mama kukaza mkanda, nikamsafishia kabureta, tukazoeana. Mwishowe alinieleza. Mumewe alikuwa mchuuzi wa samaki, na aliinunua landrova kwenye mnada ule ule niliokuwepo mimi. Alifariki na kumwacha na watoto. Gari lilikuwa limevunjika akseli, shemeji zake wakasema limekufa pamoja na mwenyewe, wakamwachia. Padri mmoja ndiye aliyemwonyesha ile puli.

"Sasa fikiri, Fundi," akaniambia. "Siku ikirudi kuwa gari, itakuwa ya wanaume wa hapa. Ikisaga, ni yangu."

Nilirudi Kisumu na maneno yale kichwani, na kusema kweli niliona yana haki. Lakini pia nilikitaka kile kiti. Nikamweleza Bwana Msimamizi vile vile alivyosema. Baada ya siku kadhaa akapata injini ya dizeli, ile ya kufungwa sakafuni, kutoka kiwanda kilichofungwa. Akamwambia Mama atamfungia injini ile, na hati yake itaandikwa jina lake yeye Mama, si la marehemu. Mama akataka kwanza aione ikisaga. Nikaifunga. Ikasaga. Akachukua unga kiganjani, akaunusa, akasema ni moto kuliko wa zamani lakini utalika. Akakubali.

Siku ya kuitoa, tulifika na lori la kuivuta. Shemeji mkubwa alikuwa amesimama katikati ya njia na fimbo. Alisema hilo ni gari la ndugu yake na halitoki kwenye boma bila ukoo kukaa kikao. Bwana Msimamizi akaanza kumweleza habari za injini, mzee hakusikiliza. Mimi nilikuwa nimeshika mnyororo, sijui niufunge au niuachie. Foleni yote ya wanawake ilikuwa inatutazama.

Mama Felista akatoka kwenye kinu, akajifuta mikono kwenye leso. Hakupandisha sauti.

"Gari ya ndugu yenu mliniambia ilikufa naye," akasema. "Mimi nimeuza mashine."

Mzee yule akashusha fimbo. Akaangalia wanawake, na wanawake wakamwangalia, kila mmoja na debe lake. Halafu akasogea pembeni, polepole, kama mtu anayetafuta kivuli.

Kuitengeneza kulituchukua muda mrefu. Unga uliochanganyika na oili ulikuwa umegeuka simenti ndani ya kila kona. Nilipofungua chesi, funza wa mahindi wakatoka. Akseli tuliitoa kwenye jipu bovu, tukaichonga ikakubali. Bwana Msimamizi alikataa bolti mpya. Alitaka za shimoni. Rangi alitaka kijani ile ile, akaikwaruza mahali palipofichika ili aipate ya asili. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Iwe kama ilivyokuwa." Nilitaka kumuuliza ilivyokuwa lini, maana miaka mingi ilikuwa kinu, lakini yeye ni mkubwa. Ilipokamilika aliifunika turubai nyumbani kwake Milimani, na Jumapili akaipeleka Dunga ikatazamwe. Mvua ikinyesha, haikutoka.

Basi Jumamosi moja nimekwenda kwake kurekebisha klachi, tukaona Mama Felista anaingia getini. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, kitambaa kichwani, kapu mkononi na kuku ndani ya kapu. Akatusalimia vizuri, akauliza habari ya watoto. Kisha akafungua mlango wa landrova, akakaa kiti cha mbele, akaweka kapu miguuni.

"Twende," akasema.

Bwana Msimamizi akaniangalia, nami nikamwangalia. Akamuuliza, kwa adabu kabisa, twende wapi, Mama. Akasema Port Victoria, kwa mama yake. Bwana Msimamizi akamkumbusha kwamba waliuziana na yeye alipewa injini. Mama akasema ndiyo, inasaga vizuri, asante. Hakushuka. Nilidhani mkubwa wangu atakasirika. Akazungusha ufunguo kidoleni, halafu akaingia upande wa usukani. Mimi nikaruka nyuma, kwa sababu hakuna aliyeniambia nibaki.

Tulipofika Kisian, Mama akaomba tupite polepole. Hakupunga mkono, hakugeuza shingo. Alikaa wima tu mpaka tulipolimaliza soko. Bumala tukaacha barabara ya Busia, na mbele, kwenye tambarare, mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Tope jeusi la pale hushika gurudumu kama unga wa ugali unavyoshika mwiko. Bwana Msimamizi akasimama. Niliona jasho shingoni mwake. Gari lile hakuwahi kulitia matope hata siku moja.

"Inaogopa?" Mama akamuuliza.

Akavuta kirungu chekundu. Landrova ikaguna, ikainama, ikaanza kutambaa. Tope likaruka mpaka kwenye kioo, mpaka kwenye tai yake. Tukapita malori mawili yaliyozama. Nilimwona mkubwa wangu kwenye kioo cha kati, uso wake umefunguka kama wa mtoto.

Nyumbani kwao Mama alitoka mama yake, bibi kizee, mdogo, anayetembea kwa kushika ukuta. Mama Felista akamkalisha kwenye kiti cha mbele, akakaa naye wakizungumza Kinyala, lugha ya kwao Bunyala. Mimi na mkubwa wangu ni Wajaluo, hatukuambulia kitu. Bibi alipapasa dashibodi, akainama akatazama chini ya kiti, akageuka akatazama nyuma, akauliza jambo kwa wasiwasi. Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Anauliza mahindi yanaingilia wapi," akatuambia.

Wakati wa kurudi, kiti kipya kikinuka samaki wakavu tuliopewa, Bwana Msimamizi alimuuliza kwa nini hakusema mapema kwamba anataka kusafirishwa. Mama akasema mumewe aliibebea samaki tu, hakuwahi kumpandisha. Kisha ikaja miaka ya kusaga. "Ilikuwa inalia pale nyumbani kila siku," akasema. "Nikawa najiambia, kitu kinachopiga kelele namna hii lazima kinakwenda mahali."

Tukamshusha Kisian, akaingia kufungua mashine, kwa sababu foleni ilikuwa imeanza. Hakuja tena kwa Bwana Msimamizi, wala hakuomba tena. Kiti cha fomeni nilikipata mwaka uliofuata, na sikujua kama ni kwa sababu ya landrova au kwa sababu ya gia boksi. Nilikikalia mpaka nilipostaafu.

Ninyi mnaokuja kwangu na vitabu vya picha mnaniuliza bolti ipi ni ya asili, rangi ipi ni ya asili, na nikijua nawajibu. Nisipojua nasema sijui. Juzi amekuja bwana mmoja kutoka mjini na landrova ya zile zile, taa nyuma ya wavu, imependeza kuliko zote nilizowahi kuziona. Ameileta juu ya lori. Nikadhani haiwaki. Akasema inawaka, ila njiani kuna vumbi. Nikaizunguka, nikaisifu, maana kazi ilikuwa safi. Kisha nikamuuliza kama mama yake ameshaipanda.

Akaniangalia kama mtu niliyemuuliza kwa Kinyala.