Maji Niliyomnywesha Mama

Nilikuwa Getanuwas nikipalilia mbaazi za watu nilipopata simu kwamba mama yangu, tangu tumzike baba, hasemi wala hali. Nilipofika nyumbani Tlawi, hospitali ilikuwa imeshampa vidonge vya huzuni, na alikuwa ameanza kuongea. Alinitania kwamba nimezeeka barabarani.

Ila mdomo ulimkauka hadi ulimi ukanata. Nikaona dawa ya ukavu ni maji.

"Kunywa, mama."

"Nimekunywa, baba."

"Kunywa tena."

Kesho yake alishindwa kukaa. Alisimama ameshika mlango, jasho likimtoka na baridi yote ile.

"Unaumwa wapi?"

"Tumbo tu."

"Umeenda nje leo?"

Akageuza uso. "Nenda kaangalie ng'ombe."

Kwetu mama hazungumzi na mwanawe wa kiume habari za chooni. Nimetembea miaka ishirini na zaidi, nimelala kwa watu nisiowajua, lakini sikuthubutu kuuliza mara ya pili. Nilikwenda kwa ng'ombe. Nikarudi na kikombe kingine. Akanywa, kunitii. Kikombe hicho hakijanitoka kichwani.

Mwishowe nilimwita mama mdogo. Aliingia, akafunga mlango, akatoka amenikazia macho.

"Wewe, unamjaza mtu kama pipa? Hajakojoa tangu jana asubuhi. Tumbo gumu kama jiwe."

Kwenye bodaboda mama alikaa kati yangu na dereva. Kila shimo nilisikia akibana pumzi, nami nikawaza kibofu kinapasuka, na aliyekijaza ni mimi.

Hospitalini wakampitishia mpira, mkojo ukatoka, ukajaza mfuko. Daktari akasema vile vidonge hukausha mdomo na pia huweza kuzuia mkojo, angembadilishia.

Mama akauliza polepole, "Nikiviacha hivi, nitarudi kule kwenye kunyamaza?"

"Tutajaribu vingine, taratibu. Anahitaji mtu wa kumwangalia. Nani anakaa naye?"

"Sina mtu. Huyu ni mpita njia."

"Nipo," nikasema.

Sasa kila asubuhi, nikishamwamkia shikamoo, nasubiri kwanza nisikie kama sauti bado ipo. Kisha nauliza, nikiangalia chini, "Umeenda nje?"

"Huna adabu," anajibu. "Nimeenda."

Siku anayochelewa kujibu, naacha jembe chini.