Kilo Mia na Ishirini za Jairo

Miezi mitano sasa Anyelwisye alikuwa amekwama kwenye kilo mia na kumi na tano. Alilala kwenye benchi, akashusha chuma hadi kifuani, akakisukuma. Na akijaribu kuongeza hata kidogo tu, mikono ilimkatalia shibiri moja kutoka kifuani, kama mikono ya mtu mwingine. Alichokitaka ni kilo tano zaidi. Kaka yake Jairo alinyanyua mia na ishirini Alhamisi moja jioni, na Jumatatu iliyofuata lori la ndizi alilopanda juu ya mzigo likalala ubavu kwenye mteremko wenye utelezi, likamwua. Tangu hapo Anyelwisye aliamini kwamba asipoifikia namba ile, kaka yake atakuwa amekufa kabisa.

Jimu yenyewe ilikuwa uani kwa Hasheem, fundi wa kuchomelea katika mtaa wa Bagamoyo, hapa mjini Tukuyu, ambaye babu yake alipanda huku kutoka pwani. Vyuma vyake havikutoka dukani. Vilikuwa vipande vya injini za malori na saruji iliyomwagwa kwenye madebe, kila kimoja kimepimwa kwenye mizani ya chai. Anyelwisye alikuja alfajiri kabla ya kazi. Mchana alipakia mikungu ya ndizi kwenye malori, kisha jioni akaja tena. Hata Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, yeye alikuwa chini ya chuma.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Chuma kilipokwama, alisikia pumzi juu ya kichwa chake, pale alipozoea kusimama Jairo, vidole viwili chini ya chuma, akitafuna tangawizi mbichi. Harufu ya tangawizi ilitangulia. Kisha sauti ya chini, isiyo na haraka: "Bado moja." Akifumbua macho, aliona mabati tu, yakidondosha mvua.

"Anye, nikitoka kuchomelea geti, unaniona nikilibamiza lingali jekundu?" Hasheem alimwuliza siku moja.

"Hapana."

"Naliacha lipoe. Wewe mwili unaubamiza asubuhi na jioni. Hapa nyama unaichana tu, ndugu yangu. Inajiunga ukiwa umelala."

"Anayeyajua yote hayo ndiye mwenye kitambi hicho?"

"Hiki kimepumzika kupita kiasi. Wewe pumzika nusu yake."

Anyelwisye alicheka, na kesho yake alfajiri akawa wa kwanza getini.

Jairo alizikwa saa nane mchana. Kufikia saa kumi na moja turubai lilikuwa limekunjwa, viti vya plastiki vimerudishwa, na waombolezaji wengi wamo ndani ya Kosta wakielekea Mbeya. Ndivyo watu wanavyozika siku hizi: kamati, ratiba, kipaza sauti, sahani ya wali, kwaherini. Zamani kwenye vilima hivi mtu akifa majembe ya jirani wote yalilala. Wanaume walikaa na mfiwa kando ya moto siku baada ya siku, hakuna aliyemhimiza aseme neno, wala aliyemwachia ashike kazi. Wenye viatu vinavyong'aa wakaja wakasema huo ni uvivu, na watu wakawasadiki. Anyelwisye naye alikulia katika imani hiyo. Siku ya pili baada ya maziko alikuwa kwa Hasheem akipakia vyuma.

Ijumaa moja asubuhi akaweka mia na ishirini, akiwa peke yake. Chuma kilishuka, hakikupanda. Kilimlalia kifuani, pumzi ikakatika, na harufu ya tangawizi ikajaa uani. "Bado moja," sauti ilisema. "Bado moja." Hasheem, aliyekuwa akitawadha bombani, alisikia miguu ikipiga benchi. Akaja mbio, mikono imelowa, akakiinua.

"Kwa nini unanyanyua bila mtu?"

"Kaka alikuwepo," likamtoka.

Hasheem alijifuta mikono. Hakucheka. "Ulikaa matanga siku ngapi?"

"Sikukaa."

"Basi wiki mbili nisikuone hapa. Nenda kwa mama. Ukirudi kabla, nalichomelea geti lisifunguke tena."

Mama yake, Elina, aliishi mgombani, chini kidogo ya mji. "Ugonile," alimsalimu, salamu ya Kinyakyusa ambayo kwa neno lake humwuliza mtu kama amelala. Mama akatandika mkeka kando ya moto, akasema, "Kaa."

Jirani mmoja tu, mzee Andongwisye, ndiye aliyekumbuka namna ya kukaa na mfiwa. Alikuja na kigoda chake, akaketi, akanyamaza. Wapita njia walichungulia.

"Anaumwa huyu?"

"Amefiwa," mzee alisema.

"Si tangu masika?"

"Ndiyo. Nafasi ameipata leo."

Siku tatu za mwanzo misuli ya Anyelwisye ilirukaruka yenyewe kama ya ng'ombe aliyechinjwa. Siku ya nne alilala mchana, akaamka kesho yake jua limepanda. Alikula ndizi na maharage, akanywa maziwa ya mgando, akalala tena. Siku ya saba alilia, kwa sauti kubwa, na mzee akasogeza kuni motoni bila kumtazama. Siku ya kumi na nne mama alimnyoa nywele, na matanga yakawa yameanuliwa.

Hasheem alimpokea kwa kumpapasa kichwa. "Umetoka jela?"

Wakaweka mia na ishirini. Hasheem akasimama mbali, kwa kuombwa. Anyelwisye alishusha chuma, akakisukuma. Kilifika pale pa kukwamia, kikapita kama kinachoingia mlango ulio wazi. Alikirudisha kwenye mikono ya benchi.

"Sasa tuongeze," Hasheem alisema.

Anyelwisye alikaa wima kwenye benchi. Alivuta pumzi kwa pua, polepole, kisha tena. Kulikuwa na harufu ya chuma na mvua tu.

"Vitoe vyote," alisema hatimaye. "Halafu niache kidogo."

Hasheem akatoa vyuma, kimoja kimoja, akaenda zake ndani. Anyelwisye akalala tena chini ya ule mtaimbo mtupu, akaushusha hadi kifuani, akauacha hapo kama mtu aliyeshindwa, akafumba macho, akasikiliza.