Majani Yaliyoua Panya

Thadeus wa Mghange, kwenye milima ya Taita, alikuwa mlinzi wa msitu, na miti ya huko aliijua kwa majina ya Kidawida, lugha ya kwao, kabla hajajua kusoma. Mwaka wa 1975 mtafiti kutoka Nairobi, jina lake Musyimi, alimwajiri awe akichuma majani. Thadeus aliyaanika kivulini juu ya mikeka, akayapima, akayaandikia lebo, kisha akateremsha magunia hadi stesheni ya Voi. Huko Nairobi yalisagwa, na maji yake yakajaribiwa kwenye seli za saratani ndani ya vichupa.

Mkewe, Tryphena, ndiye aliyeyageuza majani mikekani. Mwaka wa tatu alimwonyesha mumewe uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitalini waliambiwa wamechelewa. Thadeus aliitikia kwa kichwa, akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Wiki hiyohiyo Musyimi alipanda Mghange akiwa na furaha. "Sampuli ya arobaini na moja imeua seli karibu zote," alisema.

"Mtu anaweza kuyachemsha akanywa?" Thadeus aliuliza.

Musyimi alitikisa kichwa. "Mzee, tuliwapa panya. Siku ya nne walikuwa wamekufa. Seli za kwenye chupa hata sabuni huziua. Kazi ni kuziua na kumwacha mgonjwa mwenyewe akiwa hai."

Tryphena alisikia yote akiwa jikoni. Mgeni alipoondoka akasema, "Baba Wakesho, nichemshie yale majani."

"Panya walikufa."

"Mimi si panya."

"Walikufa, Mama Wakesho."

Aliomba siku tatu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Mti wenyewe haukuwa mbali, ila kwa ugonjwa miguu yake haingemfikisha. Siku iliyofuata Thadeus alikusanya majani yote ya mti ule yaliyokuwa nyumbani, akayapeleka Voi, akasimama pale mpaka treni ikaondoka. Aliporudi, Tryphena alitazama mikeka mitupu, kisha akageukia ukutani. Hakuomba tena.

Alifariki Agosti, wakati wa ukungu. Watu walimngoja Thadeus alie, hakulia. Baada ya mazishi Jedidah, dada ya marehemu, alimwuliza, "Shemeji, si ungemwacha ajaribu tu?"

"Ningempa, leo ungeniuliza kwa nini nilimpa."

Jedidah hakubisha, lakini hakukaa kula.

Oktoba ilikuja barua kutoka Nairobi. Sampuli ile ilikuwa imeachwa, sumu yake imezidi. Walitaka kilo kumi za majani ya mti mwingine. Thadeus alisoma mara mbili, akingoja afarijike au aumie. Hakuna kilichokuja. Akachukua panga na gunia, akaenda.

Alichuma hadi mradi ulipofungwa mwaka wa 1984. Hakusikia jani lake hata moja limekuwa dawa. Wakati huo binti yake, Wakesho, alikuwa mwalimu Taveta. Likizo moja alimwuliza kuhusu mamake, naye Thadeus akamweleza yote, pamoja na zile siku tatu. Wakesho alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kama amekula.