Kitanda cha Soketi

Aibu yenyewe wacha niitoe mapema, ili msinione nikizunguka: mimi mzee mzima, mtu wa kanisa, niliyeacha pombe kabla huyu binti yangu Nekesa hajaota meno, nilionekana mlevi chakari mbele ya wakwe zangu, mchana kweupe, ndani ya wodi ya wanaume hapa Nakuru, na sikuwa nimeonja hata tone. Nilikuwa nimedungwa dawa ya mtu mwingine. Mpaka leo nikiikumbuka siku hiyo hasira inanipanda, na mke wangu akisikia nimeanza hii hadithi anaondoa vikombe mezani.

Ni mguu ulionipeleka huko. Hawa watu wa kuweka mabomba ya maji walichimba mtaro mtaani kwetu wakaenda zao, hata tawi la mti la kuonya watu hawakuweka, nikaingia ndani mzima mzima nikitoka kwa maombi (kwa maombi, si kwa baa, lakini nani angeamini, mlevi wa zamani akianguka mtaroni mtaa wote unajua sababu). Kidonda kikaharibika, nikalazwa, nikawa napigwa sindano kutwa mara tatu, upande wa nyuma, mahali mzee hapendi kuonyesha watu.

Sasa wodi ile ilikuwa na soketi moja tu yenye stima, nayo ilikuwa kwa ukuta, juu ya kitanda cha Mzee Cheruiyot, mkulima wa Rongai, mtu anayeishi na sukari miaka mingi. Mimi kitanda changu kilikuwa dirishani. Na siku hiyo wakwe wapya walikuwa wanakuja kutoka Naivasha kuniona, watu wa yule kijana anayetaka kumuoa Nekesa, mara ya kwanza kabisa tuonane, na simu yangu imekufa. Wangepotelea huko nje wakiuliza kila mlango.

Nikamwambia Cheruiyot, "Mzee mwenzangu, hebu tubadilishane kitanda, simu ikijaa narudi kwangu."

"Chukua kabisa," akasema. "Mimi nataka dirisha, nione kama mvua inanyesha kwangu." (Kutoka Nakuru utaona mvua ya Rongai na macho gani? Lakini mkulima ni mkulima.)

Tukahama, kila mtu na blanketi yake. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, kama mtu anaweza kuliita kosa.

La pili ni langu peke yangu, siwezi kumsingizia mtu. Nilikataa uji wa asubuhi, na chakula cha mchana nikaapa sitakigusa, kwa sababu mtu akitoka Naivasha anapita Kikopey, na mkwe anayepita Kikopey aende kuona mgonjwa bila kubeba nyama choma, huyo si mkwe. Kwa hivyo nilikuwa nimeacha nafasi tumboni. Ulafi, ndiyo, ucheke tu.

Kulikuwa na sista mmoja siku hiyo, msichana mwembamba, yeye peke yake na wodi imejaa mpaka wengine wanalala wawili wawili. Hakukuwa na majina pale. Tulikuwa kitanda cha mlango, kitanda cha dirisha, kitanda cha soketi. Kabla tu ya chakula kuletwa akafika mbio na trei yake.

"Mzee, inua shati."

Mimi nilikuwa tayari nimeanza kugeuka. "Sista, leo ni tumbo?"

"Si ni tumbo kila siku? Wacha mchezo, chakula kiko njiani."

Nikainua shati. Hapo ndipo huwa najipiga kichwa na ngumi. Mimi shule niliacha darasa la tatu, na yeye amevaa saa kifuani, nikaona mimi ni nani nimuulize mara ya pili. Kasindano kadogo, hata sikukasikia. Akaandika, akaenda. Chakula kikaja, wali na kabichi, nikakirudisha kama tajiri.

Wakwe walipoingia nilikuwa nimeshaanza kulowa jasho. Mbele alikuwa Mama Wanjohi, mama wa kijana, mkubwa wa akina mama wa maombi kanisani kwao, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, kifurushi cha nyama kwenye mapaja mara tu alipoketi. Nyuma yake dada zake wawili, halafu mke wangu na Nekesa wakitabasamu kama watu wanaopigwa picha. Mimi mikono inatetemeka, ulimi umekuwa mzito kama sapatu, na Mama Wanjohi nawaona wako wawili. Nikamsalimia yule ambaye hakuwepo.

Nikasema (nimeambiwa, mimi nakumbuka nusu), "Karibuni, nyinyi mapacha! Wacheni kuniangalia, leteni nyama!" Halafu nikanyoosha mkono nikachukue mwenyewe. Mkono wa mzee, jamani, kwenye mapaja ya mkwe, mbele ya binti yangu. Kwetu mtu hata hawezi kula akitazamana na mkwe wake, na mimi nilikuwa napapasa.

Wodi ikalipuka. Mmoja kule mlangoni akapiga kelele, "Hiyo soketi inatoa stima ama inatoa chang'aa?"

Mke wangu akainama akaninusa mdomo. Mbele ya watu! Miaka yote hiyo nimekaa naye nimeokoka, na pua yake ikaja moja kwa moja bila kuuliza njia. "Baba Nekesa, umetoa wapi?" Nilitaka kumwambia nakufa. Kilichotoka ni kicheko.

Mama Wanjohi hakugombana. Alisimama, akaweka mkono juu ya kichwa changu kilichojaa jasho, akaanza kuomba, na mama huyo akiomba haendi haraka. Alifunga pepo la pombe, akalifunga la ukoo, akalitafuta hata lile la babu yangu. Mimi nazama, yeye anafukuza pepo. Alipomaliza akamwambia mke wangu, "Mambo ya watoto tutaongea siku nyingine, kama itakuwapo," akabeba nyama yake, wakatoka. Nekesa alikuwa ameufunika uso na leso.

Sista akaja na kelele. "Nani amemletea huyu mzee pombe?" Akainua godoro, akatafuta chupa chini ya kitanda. Anatafuta chupa, na mimi dawa aliyonitia yeye mwenyewe inanimaliza.

Ndipo Cheruiyot akaita kutoka dirishani, "Sista, ukimaliza na chupa uje unidunge, chakula changu kinapoa."

"Si nimekudunga, mzee?"

"Mimi? Tangu nihamie huku dirishani hujakanyaga."

Mke wangu anasema msichana yule aligeuka akanitazama uso, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, halafu trei ikaanguka. Akakimbia. Wakanitia maji ya sukari kwa mshipa, nikarudi kama mtu aliyevutwa na kamba kutoka kisimani, cha kwanza nikauliza nyama iko wapi.

Msichana alilia, akaniita baba, akaomba msamaha bila kuzunguka. Huyo nilimsamehe papo hapo. Lakini mkubwa wa wodi akaja, koti limepigwa pasi, akanisimamia. "Mzee, nani alikupa ruhusa ya kuhama kitanda? Ona sasa, umemharibia huyu msichana kazi."

Nikasikia damu inachemka, hata mguu ukasahau kuuma. "Nilihama kitanda," nikamwambia, "sikuhama jina. Jina langu lilikuwa hapa mdomoni siku nzima, mngeniuliza ningewapa bure."

Baba yangu alikuja Nakuru na reli. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni, na alikuwa akituambia dereva haondoi hata mabehewa ya mahindi kabla hajauliza na kujibiwa. Mahindi yanaulizwa! Tumbo la mtu haliulizwi. Wanaweka msichana mmoja kwa watu wote hao, akikosea wanamtafuta mzee wa kugawana naye lawama, na wao koti halipati hata mkunjo.

"Haya, yameisha," akasema. "Mshukuru Mungu."

"Yameisha kwako." Nikachomoa simu kutoka soketi. Ilikuwa imejaa pomoni. "Hapa hakuna sindano, hakuna kidonge, shati halifunguliwi, mpaka umpigie huyu Mama Wanjohi umwambie."

Akatazama mlango. Mke wangu alikuwa amesimama hapo, na mke wangu si mwembamba. Mkubwa akapiga, nikaweka sauti ya juu wodi nzima isikie.

"Mama, kulikuwa na hitilafu ndogo…"

"Sema yote!" Cheruiyot akanguruma.

Mkubwa akaanza upya. "Mzee hakuwa amelewa. Tulimdunga dawa ya sukari ya mgonjwa mwingine, naye hakuwa amekula. Angekufa."

Halafu sauti ya Mama Wanjohi, ndogo kabisa: "Kwa hivyo nimeacha mtu akifa, nikaondoka na nyama?"

Alirudi kesho yake na mbuzi karibu nusu, akamlisha na Cheruiyot, akamlisha na sista. Harusi ilikuwapo. Lakini mke wangu, ile pua yake bado sijaisahau.

Kuhama kitanda, mimi tena kamwe, simu ife ioze. Na mtu akinikaribia na dawa, simwonei haya. Juzi nilienda kung'olewa jino, kijana wa watu akashika koleo, akasema, "Fungua mdomo, mzee."

Nikamwambia, "Fungua wako kwanza. Mimi ni nani?"

Akakasirika, akatazama karatasi. "Wewe ni Mzee Wafula."

"Na unang'oa gani?"

Akarudi kwa karatasi tena, kisha akatoka upande wa kulia wa kiti akaja upande wa kushoto. Ndipo nikafungua.